Fahamu: Kwa nini Samatta alianzia Lubumbashi kabla ya Ulaya
Kijana wa Bombo, kule milima ya Upare wilayani Same, anayeota kusakata kabumbu Ulaya, aitazame njia ya mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta. Mwaka 2011 alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa Kongo (DRC) unaozungumza Kiswahili. Ugeni ukawa nusu tu. Januari 2016 akatua Genk, Ubelgiji: baridi kali, Kiholanzi, na ugali wa kutafuta. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakatwaa ubingwa. Kwa maoni yangu, Lubumbashi ndiko alikokomaa.

Mzazi wa kijana mwenye ndoto hiyo, zingatia: isipokuwa kwa masharti maalumu, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nje. Wakala akikuharakisha, waulize kwanza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF).