Mkono ukifa ganzi: upasuaji upi una faida mfukoni?

Saa tisa usiku, mama mfugaji wa Njoro anaamka na kuukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Alfajiri chuchu ya ng'ombe inamponyoka. Majirani wanasema ni baridi, wengine presha. Lakini kidole chake kidogo hakina neno, nacho ndicho kinachofichua siri, maana hicho kinahudumiwa na neva nyingine.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Chini na kandoni ni mifupa, juu ni ukanda mgumu usiotanuka. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva ya kati. Njia ikijaa uvimbe, neva ndiyo inayobanwa. Hali hiyo madaktari huiita kwa kifupi CTS. Huwapata zaidi wanawake, wajawazito na wenye kisukari, na kazi ya kubana kwa nguvu mara kwa mara huongeza hatari: kukamua, makasi ya maua Naivasha, mashine zinazotetema katika mashamba ya chai Kericho.

Kwanza hujaribiwa gango la kunyoosha kifundo usiku, au sindano ya steroidi. Yakishindikana, ukanda ule hukatwa. Ipo njia ya wazi, chale ya sentimita chache kiganjani, na ipo ya kamera, inayopitia tundu dogo. Baada ya miezi kadhaa matokeo ya njia hizo mbili hayatofautiani sana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliofanyiwa kwa kamera walirudi kazini wastani wa siku 8 mapema. Ila kamera ina vifaa ghali, na bili hupanda.

Basi chukua ujira wako wa siku, uzidishe mara 8. Nyongeza ya bili ikizidi hapo, kamera ni hasara. Kinachoudhi ni kwamba kibarua ndiye anayezihitaji siku hizo, na ndiye asiyeweza kuzilipia.

Kwa maoni yangu, mvutano wa kisu na kamera unatupotezea muda. Pesa nyingi huliwa na chumba: thieta kubwa, nusukaputi, kitanda cha kulala. Daktari Donald Lalonde wa Kanada ameeneza njia ya kumpasua mgonjwa akiwa macho, kwa dawa ya ganzi, lidokeini, iliyochanganywa na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa ya damu, kwa hiyo mkono haufungwi mpira wa kuzuia damu. Zamani madaktari walifundishwa kwamba dawa hiyo ingeozesha vidole. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha visa 3,110 vya vidole na mikono, na hakuna kidole kilichooza. Chale ya wazi, ganzi ya hapo hapo, chumba kidogo kilicho safi, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo: sioni cha kuishinda kwa bei.

Kwa hiyo ukifika hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile wengi bado wanaiita PGH, au kwingineko, uliza kama upasuaji huo unafanywa kwa ganzi bila kulazwa, na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia nini.

Yule mama ana hesabu nyingine. Mshono haufai kuingia maji wala samadi hadi nyuzi zitolewe, yapata wiki mbili, na lazima amlipe mkamuaji. Amekuwa akiahirisha kwa ajili hiyo. Juzi aliviweka viganja vyake sambamba mezani: kile kinono cha nyama chini ya gumba la kulia kimebonyea. Misuli ikishasinyaa hivyo, si kisu wala kamera inayoweza kuahidi kuirudisha.