Kubuni mchezo wa mpira unaofaa miteremko ya Mbololo

Katika miteremko ya Mbololo, eneo la Voi, kaunti ya Taita Taveta, mpira uliopigwa kwa nguvu haurudi wenyewe. Hubingirika kuelekea bondeni, na mchezo husimama mpaka apatikane wa kuufuata. Ardhi tambarare ni adimu katika milima ya Taita. Kikundi cha vijana 30 chenye mpira mmoja na kiwanja kisichotosha kandanda huishia kuwachezesha wachache wenye mbio, huku wengine, hasa wasichana, wakibaki pembeni kushangilia.

Si lazima kikundi cha namna hiyo kisubiri mfadhili aje kusawazisha uwanja. Kinaweza kubuni mchezo wake chenyewe. Jambo hilo si geni kama linavyosikika, kwa kuwa michezo kadhaa inayochezwa leo kote duniani ilibuniwa na mtu mmoja kwa ajili ya kikundi kimoja kilichokuwa na shida yake mahususi.

Mfano unaojulikana zaidi ni mpira wa vikapu. Mwezi Desemba mwaka wa 1891, mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikabidhiwa darasa la wanaume 18 katika chuo cha chama cha YMCA mjini Springfield, Marekani. Nje kulikuwa na baridi kali, na wanafunzi hao walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani ya jumba kiasi cha kuwashinda walimu waliomtangulia. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa majuma mawili atafute dawa.

 Naismith alijiuliza ni nini hasa kinachozua fujo na majeraha katika michezo iliyokuwapo. Jibu alilopata ni kwamba mchezaji anayekimbia na mpira mkononi lazima azuiwe, na njia ya kumzuia ni kumwangusha. Basi akapiga marufuku kukimbia na mpira. Kisha akalitazama goli. Goli lililosimama chini humtaka mchezaji arushe kwa nguvu zake zote, ilhali lililo juu ya vichwa, mdomo wake ukitazama angani, humtaka alenge taratibu. Wazo hilo lilitokana na mchezo wa kulenga mawe alioucheza utotoni. Mlinzi wa jengo alimpatia vikapu viwili vya matunda, vikapigiliwa misumari kwenye roshani, takriban mita tatu kutoka sakafuni, na kanuni 13 zikabandikwa ukutani. Mchuano wa kwanza, wachezaji tisa kila upande, ulimalizika kwa bao moja kwa bila. Vikapu vilikuwa na vitako, hivyo ilibidi ngazi itumike kuutoa mpira!

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1895, William Morgan wa YMCA ya Holyoke, mji usio mbali na Springfield, aliona kwamba mchezo huo uliwalemea wanaume wa makamo aliokuwa akiwafunza. Akatenganisha timu kwa wavu ili watu wasigongane, na voliboli ikazaliwa. Huko Amsterdam, mwaka wa 1902, mwalimu Nico Broekhuysen alitaka wavulana na wasichana wacheze pamoja. Kanuni aliyoitunga ni nyepesi: mvulana humkaba mvulana, msichana humkaba msichana. Mchezo huo, korfball, ungali unachezwa.

Wala si mambo ya kale pekee. Mpira wa mikono unaochezwa kwa viatu vya magurudumu ulibuniwa Pune, India, mwaka wa 2003, na kufikia mwaka wa 2013 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kombe lake la pili la dunia.

Kwa kikundi cha Mbololo, swali la kwanza ni mpira wenyewe. Zamani watoto waliufuma kwa mifuko ya plastiki na kamba, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Mpira wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge, zao lisilokosekana katika kaunti hiyo, unatosha. Ila haudundi. Kwa hivyo kanuni ya kudundadunda haina maana hapa. Mpira utembee kwa kupasiana, na anayeudaka asimame.

Mteremko nao unahitaji kanuni yake. Magoli yakiwekwa moja juu na jingine chini, timu ya juu imeshinda kabla ya filimbi kupulizwa. Afadhali yapangwe yakikingama mteremko, ili pande zote mbili ziwe sawa. Hata hivyo mpira utaendelea kuponyoka kuelekea bondeni. Hapo timu iliyougusa mwisho iupoteze, ili asiwepo wa kuutupa huko kwa makusudi, na kila timu isimamishe wawili kwenye ukingo wa chini wenye ruhusa ya kuurudisha mchezoni. Wale waliokuwa mashabiki pembeni wanakuwa wachezaji, tena wa nafasi muhimu. Ili goli nalo lisitake nguvu, kikapu kisicho na kitako kifungwe juu ya mti.

Kanuni za mwanzo zisizidi saba au nane, ziandikwe, kisha zijaribiwe kwa siku kadhaa. Panapotokea ubishi, ibadilishwe kanuni moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana ni ipi iliyoponya na ipi iliyoharibu. Kosa la kawaida ni kuongeza kanuni kila anapolalamika mmoja. Dalili nzuri ya kutazama ni hii: je, katika dakika kumi, kila mchezaji ameugusa mpira? Iwapo wapo ambao hawajaugusa, idadi ya wachezaji ipunguzwe au mpira wa pili uingizwe uwanjani. Mpira wa matambara haugharimu chochote.