Nyumba na Wakaao Ndani Yake

Kwihara, karibu na Tabora, pana tembe lililojengwa upya mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Zamani za misafara, matembe ya matajiri yalikuwa na kuta nene za udongo na ua katikati. Kuta zilizuia joto na wezi. Vyumba vya giza vilifaa kuwekea pembe za ndovu na majora ya nguo.

Je, chumba kama hicho chafaa kuwa darasa? La. Kilimfaa mwenye mizigo, hakimfai mwenye kitabu. Mtoto aketiye nyuma asione ubao hudhaniwa mjinga, kumbe kosa ni la dirisha.

Basi tujengapo shule, na tutwae unene wa kuta, tuongeze madirisha makubwa na baraza yenye kivuli. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiwapige watoto machoni. Madawati ya wadogo yawe mafupi, miguu yao iguse sakafu.

Ewe mwanafunzi, siku utakapokuwa fundi, kabla hujapima kiwanja, kumbuka kwanza mahali pa yule mtoto wa nyuma.