Kompyuta Inayosema: Kisanduku, Waya na Masikio Yako

Je, wewe ni mwanafunzi asiyeona, au unaye rafiki asiyeona darasani? Basi unajua kuna mambo mtu hapendi kusomewa na mwingine: barua ya siri, majibu ya hospitali, maswali ya ujana ambayo unaona haya kumwuliza hata kaka yako. Kompyuta inayosema inamwondoa huyo mtu wa katikati.

Siku hizi sauti hutengenezwa zaidi na programu iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Lakini miaka ya 1980 na 1990 kazi hiyo ilifanywa sana na kisanduku cha pembeni, kama vile DECtalk Express au DoubleTalk LT. Kompyuta inatuma maandishi kwa waya, kisanduku kinayatamka. Sauti za DECtalk zilitokana na utafiti wa Dennis Klatt wa MIT, Marekani, na ile maarufu iitwayo Paul aliitengeneza kwa kufuata sauti yake mwenyewe.

Ukipata kisanduku cha mtumba, usikitupe! Sauti ya programu inategemea kadi ya sauti. Kadi ikikwama, kimya. Asiyeona atajuaje kama kompyuta imekufa au inasubiri nenosiri? Kisanduku kinasema chenyewe. Kwenye Linux kinatumiwa na Speakup, programu ya kusoma skrini ya maandishi iliyoanzishwa na Kirk Reiser wa Kanada. Inafanya kazi ndani ya kiini cha Linux, kwa hiyo inaweza kuanza kusema kompyuta ikiwa bado inawaka.

Sasa tukifunge. Chomeka waya kwenye tundu la siriali lenye pini 9, kisha washa kisanduku kwanza ndipo uwashe kompyuta. Kama ni DoubleTalk LT, ingia kama msimamizi na uandike:

modprobe speakup_ltlk dev=ttyS0

Kwa DECtalk Express weka speakup_dectlk. Kama kompyuta haina tundu hilo, kuna waya wa kugeuza USB, na hapo andika ttyUSB0. Kiini cha zamani sana, cha kabla ya 2017, hakiukubali waya huo. Bado kimya? Usihangaike kubadili programu kabla hujakagua waya na kitufe cha sauti. Tena angalia kama tundu hilo halishikwi na programu nyingine, maana haligawanywi.

Kikishasema, rekebisha mwendo:

echo 3 > /sys/accessibility/speakup/ltlk/rate

Hapo namba ni 0 hadi 9. DECtalk yenyewe inahesabu maneno kwa dakika, 75 hadi 650! Anza polepole, masikio yatazoea. Kwenye namba za kulia za kibodi, 8 inasoma mstari ulipo, 7 uliotangulia, 9 unaofuata. Ingiza ya hapo hapo inakinyamazisha.

Ukitumia vifaa vya masikioni, punguza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwako wewe masikio ndiyo njia ya kusomea.

Jambo moja litakuchekesha: DoubleTalk inajua Kiingereza tu, kwa hiyo "shikamoo" itatoka kama ya mtalii. Kwa kusoma Kiswahili, tumia programu ya eSpeak NG, ambayo ina matamshi yetu, na kisanduku ukiache kwa siku kadi ya sauti inapogoma.