Si kusi peke yake: Jinsi bamvua na maji mafu yanavyoamua samaki Tanga

Kuanzia Juni hadi Agosti, mkazi wa Chumbageni anayefuata kitoweo sokoni hukutana na hali hii: leo changu na tasi wapo, siku chache baadaye fungu limepungua na bei imepanda. Wengi hulaumu kusi. Ni kweli, lakini jibu jingine liko kwenye kimo cha maji.

Bamvua na maji mafu

Bahari ya Tanga hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja. Hilo ndilo bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo hupingana, na tofauti hubaki kama mita 1 tu. Hayo ndiyo maji mafu.

Kwa pwani yetu, wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kwenye maji mafu mambo hugeuka.

Mkondo nao haukimbii sawasawa. Maji yakipanda mita 3 kwa saa 6, saa ya kwanza huongezeka kama sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu na ya nne ni kama sentimita 75 kila moja. Hapo ndipo mshipi huchukuliwa na maji na chubwi haikai chini.

Baridi inaongeza nini?

Machi maji ya bahari hufika nyuzijoto 29 hivi. Agosti hushuka hadi karibu 25. Joto la mwili wa samaki hufuata maji, kwa hiyo maji yakipoa naye hupunguza mwendo na kula.

Kubwa zaidi ni kwamba kusi huchafua maji na kuongeza nguvu ya mkondo. Bamvua likikutana na kusi kali, mvuvi wa mshipi kwenye ngalawa anahangaika. Ndiyo maana wengi husubiri maji mafu, au huvua maji yanapokaribia kusimama, kabla hayajageuka.

Kila uvuvi na maji yake

Wanaotafuta pweza kwa miguu hufurahia bamvua, maana mwamba huachwa wazi saa 4 asubuhi. Wenye wando nao hutegemea bamvua: samaki huingia na maji yakijaa, kisha hunasa yakitoka.

Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutazama giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, basi dagaa hupungua sokoni hata bahari ikiwa shwari.

Mto Zigi nao umo

Mto Zigi hutoka Usambara Mashariki, hupita bwawa la Mabayani na kuingia baharini kaskazini mwa jiji. Mvua ikinyesha sana milimani, mto hushusha maji ya tope. Samaki wa mwambani hawapendi maji hayo, husogea mbali. Mdomoni mwa mto, penye mikoko, ndiko kamba na mkizi wanakotafutwa.

Hatari iko wapi?

Mkondo unapokwenda kinyume na upepo, mawimbi huwa mafupi na ya kusimama, na chombo kidogo hujaa maji haraka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa angalizo upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2. Ukilisikia siku za bamvua, usilipuuze.

Mtafuta pweza naye ajue kuwa maji hurudi polepole mwanzoni, kisha kwa kasi. Anayesubiri mpaka maji yafike magotini huenda akakuta mkondo wa nyuma yake umeshajaa.

Kwa mnunuzi, kalenda ya mwezi mwandamo inasaidia. Pweza mtafute siku za mwanzo wa mwezi na baada ya tarehe 14. Samaki wa mshipi, jaribu karibu na tarehe 8 na 23. Kusi likikaza kupita kiasi, hata kalenda haisaidii.