Kupima Ukungu: Ukutani Macho Yatosha, Ghalani Hayatoshi

Katika sura ya 14 ya Kitabu cha Walawi, mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu yamezama ukutani, anakwenda kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vyombo vitolewe, anakagua, anaifunga nyumba siku saba, kisha anarudi kutazama kama madoa yameenea. Yakiwa yameenea, mawe yenye madoa yanang'olewa na kuta zinakwanguliwa na kupigwa lipu upya. Yakirudi tena, nyumba inabomolewa. Wafafanuzi wengi wanaona hapo ukungu, ule ule tunaouita pia kuvu au koga. Maana ya kiibada tuiache kwa leo. Kwa upande wa ukaguzi, kuhani yule alitushinda wengi wetu: hakutazama doa tu, alitazama kama linarudi.

Na doa hurudi kwa sababu ya maji: bati linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, unyevu wa ardhini unaopanda kwenye msingi, bweni linalofungwa madirisha usiku kucha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linahusisha nyumba zenye unyevu na ukungu na kikohozi na pumu. Hata hivyo, kupima hewa mara nyingi ni kupoteza fedha. Chembe za ukungu zimo katika kila hewa, ndani na nje, na hakuna idadi iliyokubaliwa kuwa salama kwa wote. Kama ukungu unaonekana au unanuka, jibu tayari unalo. Fedha hizo apewe fundi wa paa.

Kinachofaa kupimwa ni unyevu wenyewe. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zizibwe kwa selotepu, kikae siku moja au mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa, na madirisha yafunguliwe. Doa lisilozidi kama meta moja ya mraba husafishwa kwa sabuni na maji, ukivaa glavu na barakoa, kisha pakaushwe. Kupaka rangi juu yake ni kulificha tu. Jiki isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya usafi, kwani baadhi ya michanganyiko hutoa gesi ya sumu.

Ghalani mambo hugeuka. Sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa mahindi na karanga, haionekani, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa muda mrefu, hata kwa kiasi kidogo, huleta saratani ya ini. Seminari na parokia zina hatari yao ya pekee: mahindi ya matoleo ya mavuno hutoka kaya nyingi, kila moja imekausha kwa namna yake, kisha yote humwagwa pamoja.

Hapa kipimo ni lazima, na kiwango kipo: katika Afrika Mashariki sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Sumu hujikusanya katika punje chache, hivyo gao moja la juu hudanganya. Chukua kwa bambo kutoka magunia mengi, juu, kati na chini. Changanya, ndipo upeleke maabara.

Wakati wa kupokea mahindi, tia machache katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: yarudishwe juani, juu ya turubai. Mahindi yaliyopatikana na sumu wasipewe mifugo pia. Kuku hufa, na ng'ombe huipitisha sumu hiyo kwenye maziwa.