Laini moja, kompyuta kumi: Bili iliamuliwa na seva

KAMPUNI ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu Septemba 30, mwaka 2025. Katika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, bidhaa iliyogharimu zaidi katika biashara hiyo miaka ya 1990 ilikuwa dakika. Mteja alilipa mara mbili: usajili kwa kampuni ya intaneti, na muda wa maongezi kwa kampuni ya simu.

Ofisi yenye kompyuta kumi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuipa kila kompyuta modemu, laini na usajili wake. Ya pili ni kuweka seva moja ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991 na ambao hutolewa bure. Kompyuta ya 486 iliyokwisha choka kwa kazi za mezani ilitosha.

Programu ya pppd ilipiga simu na kushika laini. Kompyuta za ndani zilipewa anwani zinazoanza na 192.168, zilizotengwa mwaka 1994 kwa mitandao ya ndani, nayo seva ikazificha nyuma ya anwani yake moja. Kazi hiyo ilifanywa na ipfwadm, kisha ipchains mwaka 1999, na iptables kuanzia mwaka 2001. Kampuni ya intaneti iliona mteja mmoja tu.

Mgao wa laini

Hata hivyo, laini haikuongezeka upana. Modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde ilichukua kama dakika nne kuleta faili la megabaiti moja. Watu wanne wakileta mafaili yao kwa pamoja, kila mmoja alisubiri kama dakika 16. Ndiyo maana mafundi waliongeza Squid, programu inayotunza nakala za kurasa zilizokwisha funguliwa, na kupanga barua zikusanywe na kutumwa kwa saa maalumu.

Hasara ya usiku

Hasara kubwa ilijificha kwenye maagizo mawili ya pppd. Agizo la "demand" liliiruhusu seva kupiga simu yenyewe kila kompyuta ilipotaka kitu cha nje. Agizo la "idle 300" lilikata simu baada ya dakika tano za ukimya.

Tatizo ni kwamba kompyuta za Windows hazikunyamaza. Zilikuwa zikiulizana majina kila mara, na seva ambayo haikufungwa vizuri iliyapeleka maswali hayo nje. Swali moja lilifungua laini. Lililofuata kabla ya dakika tano liliizuia isikatike. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi ni dakika 840. Kwa usiku 22 wa kazi, ni dakika 18,480 ambazo hakuna aliyezitumia, na mwenye ofisi alizijua bili ilipofika.

Tiba ilikuwa na hatua tatu: seva ijibu yenyewe maswali ya majina ya ndani, milango namba 137 hadi 139 izuiwe kutoka nje, na upigaji simu ufungwe baada ya saa za kazi. Kwa kuwa pppd huandika muda wa kila simu, meneja makini aliweza kulinganisha kumbukumbu hiyo na bili.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, dakika ilianza kupoteza nafasi yake. Leo wengi hulipia megabaiti, lakini ujanja wa kuficha anwani ungali ndani ya simu inayogawa intaneti kwa kompyuta ya jirani. Kompyuta hiyo ikijisasisha yenyewe usiku, bando huisha kama zilivyoisha dakika. Anayenunua kwa kipimo hana budi kujua nani anatumia ofisi ikiwa imefungwa.